Ukurasa wa Pili Uliogoma Kutoka

Singida Mjini,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Osmunda akianza kukusomea barua hii, akuwekee kwanza kigoda hapo mlangoni penye mwanga, maana ni ndefu, na mwambie asiruke mistari kama alivyozoea. Mimi huku ni mzima. Kifua kilichonisumbua kimetulia, nakunywa tangawizi asubuhi na jioni kama ulivyoniagiza. Mguu wako je? Kama bado unavimba ukisimama sana jikoni, usingoje mpaka nije nikupeleke mimi. Kaka Kastori akusindikize zahanati, na mkirudi anitumie ujumbe wa kile walichokwambia, siyo kile anachodhani yeye. Na mahindi ya bondeni, mliwahi kuyatoa kabla nyani hawajayamaliza?

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga mara mbili, wewe ukawa unasikia neno moja moja, nami nikawa napayuka mpaka wateja wakageuka kunitazama. Tena haya ninayotaka kukueleza hayafai kupayukwa. Barua hii atakuletea Komba, yule dereva wa lori la vitunguu anayepakia huku na kushusha Songea na Namtumbo. Ataiacha kwa Shangazi pale sokoni Namtumbo.

Chumba changu cha Unyambwa ni kilekile. Majirani ni wema, maji yanatoka siku yanapotaka, na upepo wa huku sijauzoea mpaka leo. Unaanza asubuhi, unapiga mabati, unaingiza vumbi kwenye sahani hata ukiifunika. Msimu huu kila nyumba ina alizeti uani, watu wanazipiga kwa fimbo, ukipita njiani unatembea juu ya maganda. Nimejifunza kuamkia kwa Kinyaturu, ila nikijibiwa kwa maneno marefu nabaki kucheka tu.

Kazi pia ni ileile, kwenye stesheneri ya Bi Shamsa, karibu na stendi. Nimewahi kukwambia habari zake: mama wa Kiislamu, baba yake alikuja huku na biashara kutoka Pangani, mama yake Mnyaturu wa hapahapa. Akifurahi ananiita mwanangu. Akiudhika ananiita dada wa kompyuta, kana kwamba hajui jina langu. Tunatoa kopi, tunachapa barua, tunawajazia wanafunzi maombi ya vyuo, na watu wasio na kompyuta wanatumiwa nyaraka zao kwenye anwani ya baruapepe ya duka, sisi tunawafungulia na kuwachapia. Sehemu kubwa ya kazi yangu ndiyo hiyo, mama. Nyaraka za mtu zinafika zikiwa zimeambatishwa kwenye ujumbe, mimi nazifungua, nazichapa, anaondoka nazo. Mara nyingi ni jambo la kufumba na kufumbua. Siku nyingine mashine inakukatalia mpaka unatamani kuipiga kofi.

Sasa nisikilize habari ya Alhamisi ile.

Ilikuwa asubuhi, wateja wachache. Aliingia mama mmoja wa umri wako, amejifunga kanga nyeusi kichwani, na mzee mmoja mwenye koti. Nikawaamkia. Yule mama akaitikia, "Marahaba mwanangu," akakaa kwenye benchi akiwa ameshika kikapu kwa mikono miwili. Mzee ndiye aliyeongea.

"Binti, sisi tumetoka Issuna. Kuna kijana ametutumia picha kwenye kompyuta yenu. Yuko Afrika Kusini. Anaitwa Samweli, Mnyiramba wa Kiomboi."

Nikafungua baruapepe ya duka, na kweli ujumbe wa Samweli ulikuwepo. Nilipousoma ndipo nikaelewa. Aliandika kwamba picha alizoahidi ni hizo, ameziweka pamoja kwenye faili moja, kurasa mbili. Hakutaka kuzituma kwa simu kwa sababu simu hupunguza ubora wa picha, na yeye alitaka wazazi waone vizuri mahali alipolazwa mwenzake.

Yule mama ni Mama Elibariki. Elibariki alikuwa mwanawe wa kwanza, fundi magari, alikwenda Afrika Kusini kutafuta maisha. Aliugua, akafa hukohuko. Familia haikuwa na njia ya kuusafirisha mwili, rafiki zake wakamzika hukohuko. Yule mzee ni Mzee Njiku, mdogo wake baba wa marehemu. Yeye ndiye mwenye simu, naye ndiye aliyepokea habari ya msiba.

Mzee Njiku aliniinamia pale kaunta akanieleza kwa sauti ya chini. Tangu habari ifike, kaka yake hajakubali. Anasema ameambiwa na simu tu, na simu inaweza kusema lolote. Watu walikuja wakalia, wakaimba, wakarudi makwao, lakini turubai la msiba bado limesimama uani kwa sababu mzee hataki liguswe. Akisikia pikipiki inapunguza mwendo barabarani, anainuka. Mchungaji amekwenda, wazee wa ukoo wamekwenda, wote anawajibu neno moja: "Nionyesheni alipo." Ndiyo maana walizihitaji picha zile. Jumamosi ukoo ulikuwa unakutana, na wote walitaka matanga yaanuliwe.

Nikamwambia Mama Elibariki, "Mama, picha zimefika. Njoo uzione hapa kwenye skrini wakati nawachapia."

Hakuinuka. Alisema, "Hapana, mwanangu. Kwenye kioo hicho ukizima anapotea. Sitaki kumwona halafu apotee tena. Nitolee karatasi."

Basi nikageuza skrini upande wangu, nikaanza.

Mara ya kwanza kosa lilikuwa langu. Nilibonyeza kuchapa nikiwa bado kwenye ujumbe wenyewe, sijafungua kiambatisho. Ikatoka karatasi yenye salamu za Samweli, na chini yake alama ndogo ya faili, kubwa kama kifungo cha shati. Mama Elibariki alikuwa ameshanyoosha mkono. "Ndiyo hiyo?"

"Bado, mama. Hii ni barua tu."

"Nipe na barua," akasema, akaikunja akaiweka kikapuni.

Nikakifungua kiambatisho. Kinafunguka ndani ya kivinjari, yaani ileile programu tunayoingilia mtandaoni, huna haja ya programu nyingine. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya kaburi. Tuta la udongo mwekundu, maua ya plastiki, na msalaba wa mbao. Nikachapa. Ikatoka mbingu, vichwa vya miti, na ncha ya msalaba. Sehemu yote ya chini ilikuwa imekatwa, kwa sababu faili lilitengenezwa kwa karatasi kubwa kuliko ya kwetu, na mashine ilichapa kilichoenea tu.

Hapo, mama, nilipata tabu ambayo haimo kwenye kazi yetu. Karatasi zikiharibika huwa tunazigeuza, tunaandikia upande wa pili, au Bi Shamsa anafungia kalamu za wateja. Hii niishike vipi? Niliilaza kifudifudi chini ya kibodi, nikarudi kwenye mpangilio, nikachagua picha ipunguzwe ienee kwenye karatasi. Nikachapa tena. Safari hii ukurasa wa kwanza ulitoka mzima, rangi zote, msalaba wote.

Nikausoma ule msalaba. Ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeupe: ELI TZ.

Ni hivyo tu. Nadhani wenzake walimwita Eli, na walijua ametoka Tanzania, basi. Jina la baba hakuna, la ukoo hakuna. Mzee Njiku alizunguka kaunta bila kuombwa, akaitazama ile karatasi mkononi mwangu. Alikuwa mtu wa haraka tangu alipoingia, anaangalia saa, anaulizia basi. Sasa akasema kwa sauti ya kunong'ona, "Kaka atasema Eli wapo wengi."

"Kuna ukurasa wa pili, mzee. Una watu."

"Basi utoe huo."

Ukurasa wa pili ndio uliogoma.

Kwenye skrini ulionekana, ingawa kwa ukungu: watu kama kumi wamesimama nyuma ya kaburi, na maneno chini yao. Nikichapa, inatoka karatasi yenye mraba mkubwa wa kijivu, na chini yake badala ya maneno kuna vijisanduku vimepangana. Nikachapa tena, kijivu. Nikazima printa nikaiwasha, kijivu. Bi Shamsa akatoka stoo akauliza, "Wino umeisha?" Nikafungua mtihani wa shule moja uliokuwa unasubiri, nikachapa ukurasa mmoja, ukatoka safi. Kwa hiyo printa haikuwa na neno.

"Basi ni hicho kivinjari chako," Bi Shamsa akasema. "Jaribu kingine."

Nikafungua kivinjari kingine. Mraba wa kijivu. Nikafuta vile vitu ambavyo kivinjari hujitunzia chenyewe, nikaingia upya kwenye baruapepe, nikaanza mwanzo. Kijivu. Kila karatasi ikitoka printa inalia, na kila ikilia Mama Elibariki anainua uso. Sikuweza kumzoea. Wateja wengine nawaambia "subiri kidogo" bila hata kuwatazama. Yeye nilikuwa namwambia "bado, mama," na yeye ananijibu "haya," kama mtu anayekusaidia kazi.

Mzee Njiku akachoka. Akatoa simu yake, akasema, "Binti, kwani kwenye kioo si panaonekana? Niache nipige picha, twende zetu. Basi la Issuna halitatusubiri."

Bi Shamsa, aliyekuwa amesikia yote akiwa stoo, akamjibu kabla yangu. "Mzee, ukipiga picha ya kioo utapata mistari na mwanga. Utakwenda kumwonyesha kaka yako mistari?"

"Lakini tunayo ile ya kwanza."

"Ile ya kwanza si umesema mwenyewe haitoshi?"

Mama Elibariki akaongea kutoka kwenye benchi, kwa Kinyaturu, maneno machache. Sikuyaelewa, ila Mzee Njiku alirudisha simu mfukoni akaenda kukaa. Baadaye Bi Shamsa alinitafsiria: alisema amengoja habari za mwanawe miaka yote hiyo, basi moja halimshindi.

Nikafikiri kwa utaratibu. Kama printa ni nzima, na vivinjari viwili vinafanya vilevile, tatizo ni namna faili linavyofika. Kivinjari kina haraka, mama. Kinaanza kukuonyesha faili kabla hakijamaliza kulipokea, kama mtu anayekuja kukusimulia jambo ambalo yeye mwenyewe hajalisikia lote. Kwenye skrini kinapitisha kwa ukungu, lakini kwenye karatasi hakina cha kuweka. Nikaamua nilipakue lote, likae kwenye kompyuta yetu, ndipo nilifungue kwa programu yake yenyewe.

Nikabofya kupakua. Mtandao wa duka siku hiyo ulikuwa unatambaa. Mstari ukasogea, ukasimama, ukasogea, halafu ukasema umemaliza. Nikafungua. Programu ikaniambia faili limeharibika, haliwezi kufunguka. Halikuwa limefika lote. Nikalifuta, nikaanza upya, na mstari ulipofika katikati, umeme ukakatika.

Hapo nilikaa, mikono mapajani. Duka likawa kimya, ukasikia upepo tu na mabati. Mzee Njiku akaguna. Bi Shamsa akaenda kwa jirani, akarudi na chai ya maziwa na maandazi, akampa Mama Elibariki kikombe, akakaa naye kwenye benchi. Wakaanza kuzungumza kwa Kinyaturu, taratibu, mara wananyamaza, mara wanaendelea. Mimi nilikuwa nazikusanya zile karatasi za kijivu, nikidhani nitapata pa kuzitupa.

Mama Elibariki akaniona. "Hizo nazo ni zake?"

"Ndiyo, mama, lakini zimeharibika. Hazina kitu."

"Usizitupe. Nipe."

Nikampa zote, pamoja na ile ya mbingu na ncha ya msalaba, nikaitanguliza kifudifudi ili asiione kabla hajataka. Hakuigeuza. Aliziweka sawa zote kwa kuzigonga magotini, kama wewe unavyosawazisha majani ya mgomba, akazitia kikapuni juu ya ile barua. Mpaka leo sijui alizifanyia nini, na sikuuliza.

Umeme uliporudi sikuugusa tena mtandao wa duka. Nilichukua simu yangu mwenyewe, nikaiweka kwenye dirisha mahali ambapo mtandao hukamata vizuri, nikaiunganisha na kompyuta. Mstari ukaenda mpaka mwisho bila kusimama. Nikafungua faili kwa programu yake. Ukungu ulikuwa umeondoka. Watu wale nyuma ya kaburi walionekana mpaka vifungo vya mashati.

Nikachapa. Picha ikatoka, mama. Nilitaka kupiga kelele. Lakini yale maneno chini yake yakatoka tena kama vijisanduku, kwa sababu kompyuta yetu haina aina ya herufi alizotumia Samweli. Mzee Njiku akasema inatosha. Mimi nikaona hapana, kwenye skrini niliyasoma, yalikuwa majina ya waliosimama, na kama msalaba haukusema kitu, angalau majina yaseme. Ndani ya mipangilio ya kuchapa kuna mahali pa kuiambia mashine ichukue ukurasa mzima kama picha moja, herufi na vyote, isijaribu kuziandika yenyewe. Nikaweka alama hapo. Nikachapa. Ikatoka kamili, na maneno yote yanasomeka.

"Mama, sasa ndiyo hii," nikamwambia.

Nilidhani ataifunika apeleke nyumbani kwa watu wake. Aliniambia, "Nitaitazama hapahapa. Nikilia nilie hapa. Kule kuna wa kutulizwa." Akafuta mikono kwenye kanga, akaipokea ile ya kwanza. Akapitisha kidole juu ya tuta, siyo juu ya msalaba. Hajui kusoma, kwa hiyo hakuuliza kilichoandikwa, na hakuna aliyemwambia. Kisha akachukua ya pili.

Alikwenda kwa mtu mmoja mmoja, kutoka kushoto. Katikati akasimama. Akaisogeza karatasi karibu na macho, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Njiku," akaita. "Njoo uone. Si sweta yangu hii, niliyomfumia?"

Kijana mmoja katikati alikuwa amevaa sweta ya kijani yenye mistari ya njano kifuani. Nilikuwa nimeiona kwenye skrini bila kuitilia maanani.

"Sweta zinafanana, shemeji," Mzee Njiku akasema.

"Haifanani na nyingine. Tazama mkono wa kushoto. Si umemfunika vidole? Mkono ule ulinishinda, niliuzidisha, nikamwambia nitaufumua, akasema basi linaondoka, atakunja. Ni yangu."

Nikatazama. Mkono wa kulia ulikoma kwenye kifundo. Wa kushoto ulimfunika mpaka kwenye kucha.

Hapo alilia. Hakulia kwa kelele, alilia akiwa ameiinua karatasi pembeni isidondokewe na machozi. Bi Shamsa alimshika bega. Mzee Njiku aligeukia mlangoni akasimama hivyo, mikono nyuma, mpaka mama yule aliponyamaza. Halafu Mama Elibariki akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu aliyeivaa ni nani?"

Nikasoma majina yaliyopo chini. Wa katikati ni Samweli.

"Ndiye aliyetuletea picha?"

"Ndiye, mama."

Akatikisa kichwa. "Haya. Angalau haikai bure, inamkinga mtu na baridi." Akaziweka zile kurasa mbili ndani ya bahasha niliyompa, akaaga kila mtu, wakaondoka. Basi la kwanza lilikuwa limeshawaacha.

Nilikaa siku kadhaa bila kujua mambo yaliishaje huko Issuna, na nakwambia kweli, nilikuwa nawaza hata nikiwa nasonga ugali. Jumanne Mzee Njiku akaja, peke yake, na ule ukurasa wa pili. Ulikuwa umeshachakaa pembeni kwa kushikwashikwa. Alitaka tuuwekee nailoni. Wakati mashine inapata moto, akatusimulia.

Jumamosi ukoo ulipokutana, walimpa kaka yake ukurasa wa kwanza. Aliutazama, akasema neno lilelile walilotarajia: "Eli wapo wengi." Watu wakainamisha vichwa. Mama Elibariki hakubishana naye. Alimwekea ule wa pili magotini, akamwonyesha mkono wa kushoto wa sweta.

Mzee akautazama muda mrefu. Kisha akasema, "Sweta hii nilimcheka mama yake." Aliinuka, akaenda kwenye nguzo ya turubai, akaanza kufungua kamba mwenyewe. Vijana walipokimbilia kumsaidia aliwakatalia kamba ya kwanza, nyingine akawaachia. Kitambaa kilipoanguka chini alikaa juu yake akalia kwa mara ya kwanza tangu habari ifike, na wote wakalia naye upya, siku hiyo ikawa ndiyo siku ya msiba hasa.

Jioni yake aliomba apigiwe Samweli. Mzee Njiku anasema kijana wa watu aliposikia sauti ya baba alianza kujitetea kabla ya kuulizwa: kwamba hakuchukua kwa tamaa, marehemu alimpa mwenyewe hospitalini, na kama familia inaitaka ataituma. Mzee akamkatisha.

"Ivae. Nani amekwambia uivue? Nilitaka kujua kama inakutosha."

Mzee akaongeza, "Siku ukija nyumbani, basi lako litapita Issuna kabla ya kufika Kiomboi. Ushuke kwanza kwangu."

Hiyo ndiyo habari aliyotuletea. Halafu akatoa shughuli ya pili. Baba wa Elibariki alitaka msalaba uandikwe upya. Nikae kwenye kompyuta, niandike jina kamili kwa herufi kubwa, nimtumie Samweli, amtafute fundi rangi. Mzee Njiku akasimama nyuma yangu akinitajia herufi moja moja, na nilipomaliza akanisomesha tena kwa sauti: ELIBARIKI SINDA NKUWI, WA ISSUNA, SINGIDA, TANZANIA. Nikalifanya faili zito la kutosha kusomeka na jepesi la kutosha kufika, nikalituma. Samweli akajibu mzee akiwa bado dukani: limefika, limefunguka, na amelichapa bila shida.

Mzee Njiku alipoondoka nilimgeukia Bi Shamsa nikamuuliza, "Bi Shamsa, mimi naitwa nani?"

"Unaitwa Skola. Una nini leo?"

"Skola nani?"

Akafikiri. Tumefanya kazi pamoja tangu nije mji huu, mama, tumekula sahani moja, nimemlaza binti yake alipokuwa na homa. Hakujua jina lako wala la baba. Alijua natoka "kule Songea", na kwetu hata si Songea. Mimi nami nikajiuliza jina la babu yake, sikulijua. Nikachukua karatasi safi nikamwandikia majina yangu matatu, jina lako, kijiji, wilaya, na namba ya Kaka Kastori. Akaisoma, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, ni majina tu. Akaitia kwenye mkoba wake mahali anapoweka vitu vya msikitini, kisha akachukua karatasi nyingine akaniandikia yake. Sijakwambia haya ili uwe na wasiwasi. Nimekwambia ili ujue kwamba huku nilipo kuna mtu mmoja anayejua mimi ni wa nani.

Likizo yangu nimeomba mwezi wa kumi na mbili, Bi Shamsa hajakataa. Komba amenipa nafasi ndogo, nimemwekea mafuta ya alizeti ya kukukaangia mboga na asali ya huku kwa ajili ya kifua cha Baba Mkubwa. Asile yote siku moja.

Nisalimie Baba Mkubwa huyo na Mama Mkubwa. Msalimie Shangazi wa sokoni, mwambie ahsante kwa kuhifadhi barua. Kaka Kastori na mkewe, nasikia mtoto ameanza kusimama, wamshike mkono kwa niaba yangu. Katekista, mlezi wangu wa kipaimara, mpe shikamoo yangu. Osmunda anayekusomea simsalimii, maana najua ameshajisalimia mwenyewe tangu ukurasa wa kwanza.

Kaa vizuri, mama. Pumzisha mguu.

Ni mimi mwanao,

Skolastika Anjelus Ngonyani,
binti wa Hilda,
wa Namtumbo.